Kuangalia Ni Bure

Gari lilizima Pangani, Nairobi, saa kumi na mbili kasorobo jioni, kwenye laini ya katikati, mahali ambapo hata ukiwa na gari zima ni Mungu tu anayekuvusha.

Halikutetemeka. Halikukohoa. Injini ilikuwa ikinguruma, kisha ikanyamaza. Taa za dashibodi zikawaka zote kwa pamoja, usukani ukawa mzito kama jiwe la kusagia, na nyuma yangu matatu ya Githurai ikaanza kunipigia honi kana kwamba nimeamua kulala hapo.

Nikapiga stata. Stata ilizunguka vizuri, kwa nguvu, betri haikuwa na neno. Injini haikushika.

Mwendesha boda akagonga dirisha. "Madam, toa gia tukusukume."

Walinisukuma wawili hadi kando ya barabara. Nikakaa kama dakika ishirini na tano nikitazama watu wakienda kwao. Mwishowe nikapiga stata, si kwa matumaini, ni ile tu ya mtu kusema amejaribu. Gari likawaka mara moja. Likanifikisha Kahawa West kwa adabu zote.

Hiyo ilikuwa mwisho wa Machi. Sasa gari ni zima na limekuwa zima kwa wiki kadhaa. Bado kuna kitu kinanikera, na si gari.

## Pampu

Wiki hiyo lilizima mara mbili nyingine. Mara ya tatu lilizimia karibu na gereji ya fundi wangu wa mtaani, nikampigia simu. Alikuja na kijana wake, akaniambia niwashe swichi, akainama karibu na kiti cha nyuma, sikio likielekea chini ambako tangi la mafuta liko.

"Piga stata."

Nikapiga.

"Unasikia pampu ikilia?"

Sikusikia kitu.

"Hata mimi sisikii. Madam, hii ni pampu."

Ungebisha nini? Aliniita mimi mwenyewe niwe shahidi. Pampu mpya ikatoka kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road kwa shilingi 6,500. Na kwa vile "tumeshafungua", tukaweka na plagi nne mpya, 2,800. (Pampu iko nyuma, plagi ziko mbele. Tulikuwa tumefungua nini hasa? Sikuuliza.) Kabla ya hapo mtu wa mashine alikuwa amekuja kupima kompyuta ya gari kwa 1,000 na kusema hakuna hitilafu yoyote iliyoandikwa. Kazi, fundi alitaka 2,000. Nikamshusha hadi 1,200 na nikajiona mjanja.

Hiyo ya 1,200 nitairudia.

Gari likatulia. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikamsifu fundi kwa majirani wawili. Jambo ambalo sikulitia maanani ni kwamba shule zilikuwa zimefungwa. Anayetumia Thika Road anajua Aprili inakuwaje: mabasi ya manjano yanapotea, barabara inapumua, na safari ya saa moja na nusu inakuwa dakika thelathini na tano. Gari linakwenda, upepo unapita kwenye radieta, injini haipati muda wa kukaa ikijipika.

Shule zilifunguliwa Jumatatu.

Jumatano jioni gari likazima Muthaiga.

## Mshale uliolala

Siku hiyo hasira zilinifanyia jambo moja jema: zilinifanya nikae nitazame. Niliendelea kupiga stata huku macho yangu yako kwenye dashibodi, nikitafuta pa kulaumu.

Ule mshale unaoonyesha injini inazunguka mara ngapi kwa dakika, kwa kawaida ukipiga stata huinuka kidogo. Huinuka mia mbili, mia tatu hivi, kisha injini ikishika unaruka. Sasa ulikuwa umelala kwenye sifuri. Nilikuwa naisikia injini ikizungushwa na stata, gari zima likitikisika, na dashibodi inaniambia kwamba hakuna kinachozunguka.

Sikujua maana yake. Nilijua tu kwamba hapa kuna mmoja anayedanganya.

Kesho yake nilipita Luthuli Avenue nikanunua kile kidude cha Bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani na kuzungumza na simu. Shilingi 1,200. Jioni, gari lilipozima tena (safari hii karibu nilifurahi), nilipiga stata kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha nikasoma. Ilikuwepo namba moja: P0335. Ni hitilafu kwenye njia ya umeme ya sensa (kihisi) ya kranki.

Usiku huo nilisoma hadi saa saba.

Kranki ni lile fimbo kuu ambalo pistoni zote hulizungusha zikipanda na kushuka. Kwenye ncha yake kuna gurudumu dogo la meno. Kwenye injini yangu nafasi za meno ni 36, lakini meno yenyewe ni 34. Mawili yameachwa makusudi, ili kila mzunguko pengo hilo lipite na kompyuta ijue imefika wapi. Sensa inakaa karibu sana na meno hayo, bila kuyagusa. Ndani yake ni sumaku na waya mwembamba uliosokotwa mara nyingi mno, basi. Jino likipita, nguvu ya sumaku inayumba, na umeme kidogo unazaliwa kwenye waya. Kama uliwahi kuwa na baiskeli yenye dainamo, unaijua hii kitu tayari.

Kompyuta inahesabu vijipigo hivyo. Kwa hesabu hiyo ndiyo inajua pistoni iko wapi, cheche ipige lini, petroli inyunyizwe lini. Vijipigo vikikatika, haiwezi kubahatisha. Inaona kama injini imesimama, na injini iliyosimama haipewi cheche wala petroli. Ndiyo maana mwanzoni mtu wa mashine hakukuta kitu: kwa kompyuta, sensa iliyonyamaza na injini iliyosimama ni habari moja. Hadi niliposhikilia stata muda mrefu huku sensa imekufa ndipo ikashtuka kwamba kuna jambo halipatani, ikaandika.

Kisha nikafika kwenye mstari mmoja ulionifanya niweke simu chini.

Injini ikionekana imesimama, kompyuta huzima pia pampu ya mafuta. Ni kwa usalama. Ukipata ajali, hutaki pampu iendelee kumwaga petroli.

Kumbe fundi wangu hakunidanganya. Pampu ilikuwa kimya kweli, tena mbele ya shahidi. Ilikuwa kimya kwa sababu imeambiwa inyamaze.

## Mlete akiwa mgonjwa

Mwenzangu kazini alinielekeza kwa fundi wa waya Kariobangi Light Industries. Ni mzee mwenye kofia ya sufu ambayo haivui hata jua likiwaka, na kiti chake cha kazi ni kiti cha mbele cha matatu kilichong'olewa. Nilifika nikiwa nimejiandaa kama mwanafunzi aliyekariri jibu.

"Mzee, nataka unibadilishie sensa ya kranki." Nikampa simu aone namba.

Alisoma, akanirudishia.

"Mama, hii namba haijasema ununue sensa. Imesema habari haifiki. Barua isipofika, utamlaumu aliyeandika? Pengine aliyetumwa ndiye amelala njiani."

Alimaanisha waya. Kati ya sensa na kompyuta kuna waya mbili zinazopita karibu na belti, karibu na joto, karibu na oili inayovuja. Zinaweza kukatika ndani ya ngozi yake na kwa nje zikaonekana nzima. Soketi inaweza kuingia kutu. Kwa mashine, yote hayo ni P0335.

Akachomoa soketi, akaweka mita ya umeme. Ilisoma ohm 2,140, yaani kipimo cha ukinzani, jinsi waya unavyozuia umeme. Kwa injini yangu, sensa ikiwa baridi inatakiwa iwe kati ya 1,850 na 2,450.

Nzima kabisa.

Sitaficha, niliona haya. Usiku mzima wa kusoma, na sensa ni nzima. Nikaanza kufikiria upya pampu, plagi, hata kuuza gari.

Mzee akafunga boneti. "Sasa ni nzima. Hata mgonjwa wa malaria asubuhi unaweza kumkuta anakunywa chai. Mtu wa homa anapimwa akiwa na homa. Nenda uzunguke nayo. Ikizima usiiguse, nipigie."

Nikaingia Outer Ring Road. Nikaenda, nikarudi, nikaenda tena. Ni jambo la ajabu kuendesha gari ukiliombea lizime. Nilitafuta jam kwa bidii, mimi ambaye huamka saa kumi na moja alfajiri kuikimbia. Hatimaye, pale ambapo watu bado wanapaita Taj ingawa jumba lenyewe la maduka lilibomolewa 2018, likazima. Nikashukuru kwa sauti.

Alikuja kwa boda, mita mfukoni na chupa ya maji mkononi.

Kwanza alitikisa waya zile moja moja, akizipima kutoka upande hadi upande. Hazikuwa na neno. Kisha akapima sensa. Mita haikuonyesha namba yoyote. Ilionyesha kwamba njia imekatika. Akaacha mita imeshika hapo hapo, akafungua chupa, akamwagia sensa maji polepole, akiikinga soketi kwa kiganja. Tukangoja. Sijui dakika mbili, tatu. Mita ikaruka. Elfu mbili mia nne. Mia tatu na kitu.

Akarudisha soketi. "Piga stata."

Likawaka.

"Ndiyo yeye," akasema, kama mtu aliyemtambua mwizi kwenye foleni.

Joto lilikuwa linautanua ule waya mwembamba ndani ya plastiki hadi mahali ulipokuwa umevunjika panaachana. Ukipoa, ncha zinagusana tena. Zile dakika ishirini na tano za Pangani ndizo hizo.

Nikamuuliza pesa ngapi. Alikuwa amenipa karibu nusu siku.

"Kuangalia ni bure. Nipe ya boda."

## Duka si jikoni

Kirinyaga Road niliambiwa bei tatu. Sensa mpya ya kampuni, 5,800. Mpya ambayo muuzaji aliieleza kwa kusema tu "pia hii watu wanatumia", 1,400. Na ex-Japan, yaani iliyong'olewa kwenye gari lililotumika Japani, 1,800.

Ex-Japan huwa inanivutia. Nusu ya gari langu imepona kwa vitu hivyo. Mlango, sawa. Taa, sawa. Lakini magari yetu yanaingia nchini yakikaribia ule ukomo wa umri wa miaka 8, na sensa iliyong'olewa kwenye gari la umri wa langu imepikwa miaka ile ile. Nilikuwa na mita (nilishanunua yangu, ugonjwa huu unaambukiza), nikamwomba muuzaji nipime. Ilisoma vizuri.

"Na ikipata joto?"

"Madam, hapa ni duka, si jikoni."

Nikalipa 5,800.

Kuibadilisha ni kazi ndogo hata ya kusimulia haipo. Mzee alitenga betri, akafungua bolti moja kwa spana namba kumi, akaichezesha sensa ya zamani kidogo kidogo hadi ikatoka. Kwenye ncha yake ilikuwa imejikusanyia manyoya ya chuma. Akapanguza kishimo, akapaka oili kidogo kwenye mpira wa sensa mpya, akaiingiza kwa vidole bila kuigonga, akafunga. Dakika ishirini. Akafuta ile namba kwa simu yangu.

Nikamwomba sensa ya zamani. Akanitazama. Nikasema nataka tu.

## Sensa ya mama

Jumapili hiyo Mama alikuwa amekuja kutoka Murang'a. Alinikuta jikoni nimeinamia sufuria ya maji yanayofuka moshi, ndani kuna kitu kimefungwa kwenye karatasi ya nailoni, waya mbili zimetoka nje.

"Unapika nini?"

"Sensa, Mama."

"Sensa si walifanya 2019? Wamerudi kuhesabu nini tena?"

Nikamweleza. Akavuta kiti, akavaa miwani, akawa ananisomea mita. "Elfu mbili mia moja hamsini. Mia mbili na tisini. Inapanda." Waya wa shaba ukipata joto ukinzani wake hupanda, hilo ni la kawaida, hata sensa nzima hufanya hivyo. "Mia nne. Mia nne na sitini. Mia nne na themanini." Kisha akanyamaza. "Imekwenda wapi?"

Ilikuwa imekatika. Maji hayakuwa hata yamechemka.

Tukaitoa, tukaiweka dirishani. Baada ya muda ikarudi. Tukaitumbukiza tena, ikakata tena. Mama akataka tufanye mara ya tatu. Kisha akasema, akiirudisha miwani kwenye mfuko, "Sasa huyo fundi wa pampu angejuaje, kama hakukaa nayo?"

## Elfu moja mia mbili

Hapo ndipo kero yangu ilipoanza, na nimetembea nayo tangu siku hiyo.

Pampu, nilitoa 6,500 bila kubisha. Plagi, 2,800 bila kubisha, na hata sababu yake haikuwa na kichwa wala miguu. Mashine iliyosema hakuna kitu, 1,000. Vitu vyote vyenye boksi na risiti, nililipa. Mahali pekee nilipokunja uso na kubishana ni ile pesa ya mikono na kichwa cha fundi. Pale nilipigana hadi nikaondoa 800.

Na yule mzee aliyegundua ugonjwa? Nilimpa 500, yaani boda na ya chai. Alishukuru hadi nikaona aibu, lakini aibu yenyewe haikuwa kubwa ya kunifanya niongeze.

Fundi wa mtaani anaijua hesabu hii kuliko mimi. Anajua nitamlipa akishika kitu kipya mkononi. Anajua akikaa saa tatu akingoja gari langu lizime, mimi nitasema "lakini haujafanya kitu". Kwa hiyo anasikiliza pampu, haisikii, anabadilisha pampu. Faida yake ndogo iko ndani ya bei ya spea, kwa sababu kwingine kote nimemfungia mlango. Nilitaka kumkasirikia. Nimejaribu wiki nzima. Kila nikianza, namkuta mtu mwingine amesimama hapo na 800 mkononi.

Sisemi wote ni watu wema. Kuna waliokwisha kuniuzia vitu vilivyong'olewa kwenye gari langu lenyewe. Lakini huyu hakuwa mwizi, na hilo ndilo lilinisumbua zaidi. Mwizi angekuwa rahisi.

## Jumamosi iliyopita

Nilipita kwa fundi wangu. Sikuwa nimekwenda tangu Aprili na nadhani alijua nimekwenda kwingine. Mafundi hujua, kama vinyozi. Mbele ya gereji palikuwa na pikapu ya mtu wa mboga, boneti wazi, nyuma imejaa sukuma wiki zinazoanza kunyauka.

"Imezima sasa hivi," akaniambia, akipangusa mikono. "Inapiga stata vizuri, lakini pampu hailii. Kijana ameenda kuileta."

Nikatoa ile sensa kwenye mkoba. Nikamweleza yote: mshale, namba, maji, hata sufuria ya Mama. Hakunikatiza. Aliigeuza geuza mkononi, akaondoa manyoya ya chuma kwa kucha.

"Kwa hivyo pampu yako ilikuwa nzima."

"Ilikuwa nzima."

Akanyamaza kidogo. Mwenye mboga alikuwa kwenye simu, akimwambia mtu kwamba anakuja.

"Madam, nikuulize. Siku ile ningekaa na gari yako hadi jioni, nikuambie sijabadilisha kitu, nimeangalia tu, nipatie elfu mbili. Ungetoa?"

Ningeweza kusema uongo mzuri. Nikaangalia sukuma wiki.

"Nisingetoa."

Akatikisa kichwa, bila ubaya, kama mtu aliyejibiwa swali la bei. Kisha akatoa simu.

"Wewe, umefika wapi? ... Usinunue bado. Rudi. Pitia dukani ulete maji, chupa mbili."

Akakata, akanigeukia. "Mita yako uko nayo?"

Ilikuwa kwenye gari. Nikaenda kuichukua.